Kabla Roketi Hazijapaa

Mei 27

Leo wameleta roketi. Lori la kituo cha rada limepanda polepole hadi kile kibanda juu ya makaburi, na Gvozden akalipokea na kofia mkononi kama mtu anayepokea wakwe. Gvozden ni jirani yetu, na ndiye mfyatuaji wa Jasenik. Wingu la mvua ya mawe likija, kituo kinampa amri kwa redio, naye anafyatua ili mawe yavunjike huko huko juu kabla hayajashukia rasiberi zetu. Kijiji kizima kinampenda. Mimi nikiliona lile lori namtafuta Neda.

Neda alikuwa amesimama langoni. Binti yangu ana miaka minane na ana usonji. Lori lilikwisha kuzima injini, lakini alikuwa ameziba masikio kwa viganja vyote viwili, viwiko vimetoka nje. Anakumbuka mwaka jana. Roketi zilipolia alitoka mbio, tukamkuta katikati ya mto, amesimama tu, maji yamemfika kifuani. Yalikuwa maji ya Agosti, ya kuogea bata. Mwaka huu theluji ilikuwa nyingi milimani na mto bado umejaa mpaka kwenye mizizi ya mierebi. Nimeshaanza kuogopa na msimu haujaanza.

Juni 4

Mvua ya kawaida. Namshukuru Mungu kwa mvua ya kawaida.

Juni 9

Rasiberi za kwanza zimeanza kuona haya, nyekundu upande mmoja. Ratomir, mume wangu, anapita kati ya mistari akizigusa kwa kidole kama anapima homa. Wachumaji watafika Ijumaa.

Neda anasema maneno machache, na mengi ameyaokota redioni. Leo mama mkwe alimuuliza, "Nani mpenzi wa bibi?" Neda akajibu kwa sauti ya yule bwana wa habari, "Mawingu kiasi, na vipindi vya jua magharibi." Mimi na Ratomir tulicheka mpaka tukashika meza. Mama hakucheka. Alijifanya anakanda unga.

Juni 11

Tumempeleka Neda mjini kwa Tijana, yule mtaalamu wa watoto. Ni msichana mdogo, nilidhani ni karani, lakini anajua kukaa na Neda. Hakumshika kidevu wala hakumwambia "nitazame." Alikaa sakafuni akapanga vifuniko vya chupa mpaka Neda akamsogezea kimoja.

Nilimwambia ukweli, kwamba ninachoogopa ni mto na roketi, mengine yote nayaweza. Akasema, "Mama Neda, hakimbii kwa ukaidi. Kwake ule mlio unaumiza, unamuunguza. Wewe ukiungua unasimama kufikiri? Cha kwanza, mwambieni mapema. Kitu kikija ghafla kinakuwa kikubwa mara mbili. Cha pili, akishakimbia, msimfukuze kwa kelele. Nyamazeni, msogeleeni polepole."

Ratomir akauliza kama ataacha kuogopa akikua. Tijana akasema hajui, huenda akajifunza kujiandaa, na sisi pia tujifunze kumwandalia. Nilimpenda kwa kusema hajui. Tumenunua viziba masikio vyekundu, vile vya wakata miti. Amevivaa njia nzima hadi nyumbani.

Juni 15

Leo roketi za kwanza. Hakuna aliyetuambia. Nilikuwa napika supu ya wachumaji, na mbingu ikapasuka.

Neda alikuwa sebuleni. Viziba masikio vilikuwa jikoni, uzembe wangu. Nilimdaka mlangoni, nikamwingiza bafuni, nikafunga, nikalala chini naye juu ya taulo. Gvozden alifyatua tena, na tena. Kila mara mwili wa Neda ulikuwa unakakamaa mzima, halafu anatoa sauti ambayo sitaiandika. Ameniuma mkono. Sikuutoa, nilimwacha aume.

Jioni Desanka wa ng'ambo ya uzio akaniambia, "Tumemsikia mpaka kwetu. Javorka, shoga yangu, siku hizi kuna nyumba za watoto wa namna hiyo huko mijini, safi, zina bustani. Mwonee huruma. Jionee huruma na wewe." Nilimjibu kwamba bustani ninayo. Mdomo wa Desanka hauna breki, na kibaya zaidi hasemi kwa ubaya.

Juni 16

Nilikwenda kwa Gvozden. Nilimkuta anapaka mafuta bawaba za kibanda chake.

"Jirani," nikamwambia, "naomba kitu kimoja tu. Kabla hujafyatua, nipigie. Nimvalishe mtoto, nimfunge ndani."

"Amri ikitoka nina dakika chache, Javorka. Nikianza kuwapigia simu watu, wingu litakaa linisubiri linywe kahawa?"

"Si watu. Ni mimi mmoja."

"Leo wewe. Kesho mwenye ng'ombe wa mimba. Keshokutwa yule mzee mwenye moyo." Akaendelea na bawaba. "Mfunge tu msimu mzima."

Nimerudi nimejaa nyongo. Mtu mwenye rasiberi nyingi kuliko sisi wote! Anailinda mifuko yake na tunamwita shujaa.

Juni 17

Mawingu magharibi. Yamepita.

Juni 18

Mawingu. Yamepita.

Juni 19

Mawingu. Shingo inaniuma kwa kutazama juu. Neda sasa analala na viziba masikio, na mimi nalala na viatu.

Juni 23

Mama mkwe ameanza tena. Stanojka, mama yake Ratomir, ni mwanamke anayeweza kubeba kreti mbili kwa mkupuo na akaogopa bundi. "Mtoto ameshikwa na hofu," anasema, "imemganda ndani. Inatolewa. Mimi mwenyewe walinitoa nilipoumwa na mbwa. Twende kwa Kosara akamwagiwe."

Kosara anakaa ng'ambo ya mto. Anamfunika mtoto shuka, anayeyusha madini ya risasi kwenye kijiko, na kuyamwaga kwenye bakuli la maji juu ya kichwa chake. Madini yanafoka, yanaganda, naye anasoma umbo lake: mbwa, nyoka, mtu. Nusu ya kijiji hiki wamemwagiwa. Wengi hawakupona wala hawakudhurika.

"Mama," nikasema, "hana hofu iliyoganda. Ana usonji. Alizaliwa nao."

"Hilo ni jina tu walilompa."

"Hapana. Hakuna kumwagiwa. Umenisikia?"

Alisema amesikia.

Juni 26

Roketi, lakini za kijiji cha jirani, za mbali. Neda chini ya meza saa nzima. Alitoka mwenyewe, akadai mkate na siagi. Nimehesabu huo ni ushindi.

Julai 2

Siku njema, nataka ikae kwenye karatasi. Rasiberi zimeiva mpaka zinaanguka ukizitazama vibaya. Neda alichuma nami mstari mzima. Anachuma kwa njia yake, anazitafuta zilizolingana ukubwa na kuzipanga kwenye kikapu, uso juu. Mchumaji mmoja akamtania Ratomir, "Bosi, huyu akichuma kreti moja tutakuwa na theluji." Ratomir akamjibu, "Na kreti yake ndiyo pekee isiyo na majani, wewe unaniletea saladi." Wote wakacheka, na Neda akacheka kwa kuwa wengine wanacheka, kwa kuchelewa kidogo, na kwa sauti kubwa kuliko wote.

Redio imesema joto litapanda. Joto likipanda, yale mawingu huja.

Julai 6

Naandika ya jana. Vidole vimevimba, naandika polepole.

Palikuwa na joto la kunata tangu asubuhi, nzi wanauma. Ratomir alikuwa amepeleka kreti kwenye ghala la baridi mjini. Mimi nilikuwa mashambani na wachumaji. Mama mkwe akasema atamchukua Neda wakatembee kwa dada yake. Nilimvalisha Neda viziba masikio shingoni, nikambusu kichwani. Sikuwaza lolote. Nilifurahi kupata asubuhi ya kuchuma bila kugeuka nyuma, na hilo nalo linanichoma.

Mchana upande wa magharibi ukawa mweusi, halafu ukawa na ile rangi ya kijani ambayo kila mtu hapa anaijua. Nilikimbia nyumbani. Hawakuwepo. Nikampigia mama mkwe. Alipokea, lakini sikusikia neno, nilisikia mtu anavyolia akiwa anakimbia.

"Mama, mko wapi?"

"Ametoka, mwanangu. Ametoka mbio. Madini yalipofoka akavunja mlango wa Kosara. Nisamehe. Simwoni. Nisamehe."

Nilishuka mbio kuelekea mto. Kosara yuko ng'ambo. Kati ya Kosara na sisi kuna mto.

Kijiji kikatoka, lazima niseme hivyo. Waliacha rasiberi zimeiva na wingu liko juu yao wakatoka. Na wakafanya kile ambacho watu wa hapa hufanya mtu akipotea. Waliita. Walipiga honi za matrekta. Waliwafungulia mbwa. Desanka akamtuma mumewe akapige kengele ya kanisa, maana kengele hiyo hupigwa mtu akipotea na hupigwa mvua ya mawe ikija pia, na jana vyote vilikuwa pamoja. "Nedaaa! Nedaaa!" kutoka pande zote mbili za mto. Nilikuwa nawaambia nyamazeni, na wao wanadhani nimechanganyikiwa. Mwanaume mmoja alinishika bega akaniambia, "Utamtafutaje mtoto kimya kimya, dada?" Kisha akajaza mapafu akaita tena.

Nilimwona kutoka kwenye tuta. Alikuwa kwenye daraja la waya, lile la zamani la kuning'inia ambalo mbao zake nusu zimeoza. Alikuwa katikati kabisa, amechuchumaa, mikono masikioni. Upande mmoja hauna waya wa kushikia. Chini mto ulikuwa wa kahawia na unavuta magogo. Kengele ikalia, naye akasogea. Ikalia tena, akasogea tena, kuelekea upande usio na waya. Alikuwa anaukimbia mlio kwa hatua ndogo ndogo, na zilikuwa zimebaki chache.

Nilimpigia Gvozden.

"Jirani, usifyatue."

"Amri imeshatoka. Javorka, liko juu ya vichwa vyetu, nimeshainua mtambo."

"Neda yuko darajani. Katikati. Ukifyatua ataruka."

Nilisikia anavyopumua. Nyuma yake redio ya kituo ilikuwa inamwita, Jasenik, Jasenik, jibu. Nilijua anachokitazama. Kutoka kile kibanda mtu anaona mashamba yote, ya kwake yakiwa ya kwanza.

"Nenda," akasema, na akakata.

Nenda nini? Sikujua kama ameahidi au amenifukuza. Nilimshika Desanka blauzi nikamwonyesha daraja. Alitazama. Akatoa simu na kumpigia mumewe: "Acha kamba! Acha hiyo kamba nakwambia, unamuua!" Kisha akawageukia wanaume na sauti yake ile ya sokoni, ila safari hii ameibania menoni. "Zimeni matrekta. Fungeni mbwa. Atakayefungua mdomo namng'oa jino kwa mkono huu."

Jasenik ikanyamaza. Nimeishi hapa maisha yangu yote na sijawahi kuisikia hivyo. Yule aliyekuwa akiita kuliko wote alimbana mbwa wake pua kwa viganja viwili.

Nilivua viatu nikapanda darajani. Sikumwita. Nilikwenda kwa magoti, daraja linayumba, na kila ubao nilikuwa nausikiliza kwanza. Nikiwa karibu kumfikia nilikaa, nikatazama maji na siyo yeye. Nikaanza ile sauti yake ya puani, ile anayoitoa akipanga vitu. Niliogopa hata kupumua katikati. Nilikuwa nangoja roketi. Kila nukta nilikuwa nangoja roketi, na mwili wangu wote ulikuwa tayari kumrukia, na nilijua sitamwahi.

Haikulia. Neda akaanza kuimba puani pamoja nami. Akasogea, akaniwekea mgongo kwenye ubavu. Nilimpandishia viziba masikio kutoka shingoni, na hapo ndipo nilipomshika.

Kisha mawe yakaja. La kwanza liligonga ubao, kubwa kama yai la njiwa. Nilimlaza nikamlalia juu, mikono yangu juu ya kichwa chake. Sijui yalinyesha kiasi gani. Yaliniponda mgongo, vidole, kisogo. Nilikuwa nalia kwa sauti na yeye hanisikii, na hilo ndilo jambo jema pekee lililonijia akilini. Chini yangu nilimsikia anasema, kwa sauti yake mwenyewe, siyo ya redio, "Mama mzito."

Yalipokwisha tulitambaa mpaka ukingoni. Watu walikuwa wamesimama pale pale kwenye tuta, wamejifunika makreti vichwani. Hakuna aliyepiga kelele za furaha. Walikuwa wanalia huku wamejiziba midomo.

Julai 7

Nimekwenda shambani. Hakuna shamba. Kuna vijiti vilivyochunwa, na chini uji mwekundu wenye barafu chafu. Ni hivyo kwetu, kwa Desanka, kwa Gvozden, kwa kila mtu mpaka barabara kuu. Ratomir alisimama katikati ya mistari amevua kofia. Aliporudi akamwinua Neda pamoja na kiti chake akamweka karibu na dirisha.

Naogopa kutoka nje.

Julai 9

Mama mkwe hali chakula. Nilikuwa nimeapa simsemeshi tena. Leo amekuja jikoni, akakaa, akaanza kuongea na meza.

"Nilikuwa na kaka. Hujawahi kumsikia, hakuna anayemtaja. Hakuwa anaongea. Alikuwa anapanga mawe kando ya njia, uzuri wake usiseme. Wakaja watu na gari, wakamwambia mama yangu kuna nyumba nzuri, ina bustani. Alikaa huko msimu mmoja wa baridi. Wakaturudishia koti." Akafuta meza iliyokuwa safi. "Desanka aliposema bustani, nilijua wanakuja. Nikasema, nimtoe hofu kabla hawajafika."

Mimi nilikuwa nikiogopa mto, na yeye alikuwa akiogopa gari, ndani ya nyumba moja, na hatukuwa tumeambiana. Nilimkatia mkate. Alikula.

Julai 12

Wamekuja watu wawili wa kituo. Walimuuliza Gvozden mbele ya duka, watu wakisikia, kwa nini hakufyatua amri ilipotoka. Angeweza kusema mtambo ulinasa. Kila mtu alikuwa anangoja aseme umenasa.

"Kulikuwa na mtoto darajani," akasema. "Ningefyatua angekufa. Haya, andikeni."

Wamemnyang'anya ufunguo wa kibanda. Nilikuwa nimejificha nyuma ya friji ya aiskrimu kama mwizi. Huyu ndiye niliyemwita mlinzi wa mifuko yake.

Julai 15

Nilijua siku hii itafika. Desanka amenikuta dukani. Mwenye duka akaacha kukata soseji.

"Namshukuru Mungu mtoto yu hai," Desanka akasema. "Na nina hasira, Javorka. Kila nikiamka nina hasira. Yote mawili ninayo. Unataka nikudanganye?"

"Hapana."

"Basi." Akachukua chumvi yake. Mlangoni akageuka. "Anakula?"

"Anakula."

"Basi," akasema tena, akaondoka.

Wengine wote wananiambia pole, usijali, ni mimea tu. Ninayemwamini ni yeye.

Julai 22

Hakuna anayetaka ufunguo wa kibanda. Malipo ni ya kununulia sigara, na sasa kila mtu ameona lawama zake. Plamu zimepona kwa kuwa zilikuwa ndogo na ngumu. Zikipigwa nazo, kijiji hakina kitu cha kuuza wala cha kupikia rakia, pombe yetu kali. Na msimu wa mawe bado haujaisha.

Leo usingizi umenikataa. Nawaza: atapewa mtu wa mbali, asiyemjua Neda, na nitasimama tena mlangoni mwa kibanda kuomba nipigiwe simu.

Julai 24

Nimemwambia Ratomir nitauomba ufunguo mimi.

"Wewe? Wewe unayerukia chini ya kitanda puto likipasuka?"

"Mimi huyo huyo. Nikiwa nao, nitakuwa wa kwanza kujua. Wewe utamtia Neda kwenye gari umvushe mlima. Huko bonde la pili mlio hausikiki. Mkishavuka, unaniambia, ndipo nafyatua."

"Na wingu?"

Jibu la wingu nilipewa na Gvozden, nilipokwenda kumwomba anifundishe. Alikuwa amelewa kidogo. "Wingu unaanza kulitazama mapema," akasema. "Usingoje wakuambie. Mimi nilikuwa naweza kukupigia, Javorka. Muda ulikuwepo. Sikutaka tu kuanza." Kisha akanionyesha mtambo, kila skrubu.

Agosti 2

Jana kituo kilinipa ufunguo. Leo ni siku ya Mtakatifu Ilija, bwana wa radi. Hakuna anayeshika kazi, hata kufua. Mama mkwe pekee amefanya kazi, kwa siri, mlango umefungwa. Nilimchungulia. Alikuwa sakafuni na Neda na picha alizotuchorea Tijana za kumwandaa mtoto: wingu, gari, mlima, roketi, nyumbani. "Kwanza wingu," anamwambia. "Halafu baba na gari. Bibi hamwagi kitu. Bibi anakaa nyuma na wewe." Neda akaichukua picha ya roketi akaiweka chini ya zulia. Mama akasema, "Sawa, ikae huko."

Agosti 10

Mawingu. Yamepita.

Agosti 13

Mawingu. Tulimvusha. Hayakuwa ya mawe. Neda alirudi na hasira kwa kuwa picha ya roketi ilikuwepo na roketi haikuwepo.

Agosti 24

Leo.

Wingu lilianza mapema kuliko redio ilivyosema. Nilimwona Ratomir anatoka na gari, mama mkwe nyuma na Neda, nami nikapanda kwenye kibanda. Nilifungua kwa ufunguo. Nimeinua mtambo kama nilivyofundishwa. Kituo kikaita, Jasenik, jitayarishe. Baada ya muda mfupi kikaita tena: Jasenik, fyatua.

Simu ya Ratomir haikuwa imelia. Nikampigia. "Kuna trekta la nyasi mbele yetu," akasema, "njia nyembamba, siwezi kulipita. Bado tuko upande huu. Tutafika juu sasa hivi."

Hewa ilikuwa imesimama. Lile wingu la kijani likaingia juu ya makaburi. Nikasikia nyayo nje: watu wanapanda kilima, wengi. Gvozden alikuwepo, na yule mwanaume aliyembana mbwa pua, na mbele yao Desanka, anahema, aproni imejaa plamu alizowahi kuokoa. Plamu ndizo alizobakiwa nazo mwaka huu. Matone ya kwanza ya baridi yakaanza kupiga bati. Redio ikaniita tena kwa ukali. Jasenik, kwa nini hufyatui?

Nilijua anachokuja kusema. Nilisimama mlangoni nimeuziba kwa mwili, nikajiambia hata akinipiga sitausogelea mtambo. Niliogopa kuliko darajani, kwa sababu safari hii alikuwa na haki.

Desanka alilitazama wingu, akanitazama mimi, na simu mkononi mwangu.

"Mtoto kavuka?" akauliza.

"Bado."

Akawageukia waliokuwa nyuma yake. "Bado," akawaambia. "Ngojeni."

Wakangoja, wote, nyuso juu. Jiwe dogo liliruka kwenye bati, na la pili. Desanka alimwaga plamu zote chini kibandani ili mikono iwe huru. Simu ikalia.

"Tumevuka," Ratomir akasema. "Anakula mkate."

Niliwaitikia kwa kichwa. Desanka alifanya ishara ya msalaba, akaziba masikio yake kwa viganja vyote viwili, viwiko nje.

"Haya mwanangu," akasema, "fyatua."